ISF: jinsi ya kutuma taarifa za kontena lako kabla halijapakiwa melini kwenda Marekani

Swali hili hunijia kwa WhatsApp, mara nyingi usiku: "Dada, kontena langu limeshaondoka Mombasa. Sasa wakala ananiuliza habari za ISF. ISF ndiyo nini?" Huniuma kulisoma, kwa sababu aliyeuliza ameshachelewa, na jibu lake lilitakiwa wiki mbili nyuma. Nimelijibu mara nyingi mno kwa vipande vipande. Hapa naliandika lote kwa mpangilio, kwa ajili yako uliyeko Marekani unayeagiza mzigo wa meli kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, na kwa ndugu au mshirika wako anayefunga kontena huko nyumbani. Msome wote wawili.

ISF (Importer Security Filing) ni taarifa ya usalama ambayo mwagizaji huituma kielektroniki kwa Forodha ya Marekani, CBP. Wazoefu huiita "kumi na mbili" kwa maana ya kumi jumlisha mbili: vipengele 10 vinatoka kwako, na 2 vinatoka kwa kampuni ya meli. Vile viwili havikuhusu. Kanuni ilianza tarehe 26 Januari 2009. Inahusu mizigo ya meli tu. Mzigo wa ndege una utaratibu wake.

Jambo la kushika kuliko yote ni saa. Taarifa inatakiwa ifike CBP angalau saa 24 kabla mzigo haujapakiwa kwenye meli inayokwenda Marekani. Ni kabla ya kupakiwa, si kabla ya kufika. Watu wengi husikia "saa 24" wakadhani wana mwezi mzima wa safari ya baharini. Hawana.

Adhabu ya kuchelewa, kukosea au kutotuma kabisa ni dola 5,000 kwa kila kosa, na forodha inaweza pia kuzuia mzigo wako.

Kontena langu la kwanza lilikuwa la vikapu vya katani na vinyago vya mawe ya Kisii. Mimi nilidhani wakala wa mizigo wa Mombasa ndiye anayetuma. Yeye alidhani ni wakala wangu wa Marekani. Wakala wa Marekani alikuwa anasubiri karatasi ambazo hakuna aliyemwambia kama zipo. Taarifa ilitumwa mzigo ukiwa njiani. Kontena lilipofika liliwekewa zuio, likapelekwa kituo cha ukaguzi, likafunguliwa, vikapu vikatolewa na kurudishwa. Gharama ya kulisafirisha hadi kituoni, vibarua wa kushusha na kupakia upya, na storeji ya siku zote hizo nililipa mimi. Baadhi ya vinyago vilirudi vimevunjika masikio, kwa sababu waliovifunga upya hawakujua vilivyokuwa vimepangwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya mwagizaji. Kama una biashara ni EIN, yaani namba ya kodi ya biashara, ambayo IRS, idara ya kodi ya Marekani, huitoa bure; kama huna, ni namba yako ya SSN, ile ya hifadhi ya jamii. Namba hiyo lazima iwe imesajiliwa CBP kwa fomu 5106. Kampuni mpya nyingi hukwama hapa: EIN wanayo, usajili wa forodha hawana.
- Bondi, yaani dhamana ya forodha. Kuna ya mzigo mmoja na kuna ya mwaka mzima, ambayo kima chake cha chini ni dola 50,000. Usishtuke, hicho ni kiasi kinachodhaminiwa. Wewe unalipa ada tu kwa kampuni ya bima. Ukitarajia kuagiza zaidi ya mara moja au mbili kwa mwaka, chukua ya mwaka, kwa sababu inashughulikia ISF pamoja na uondoshaji wa mzigo.
- Wakala wa forodha mwenye leseni ya Marekani, na hati ya uwakilishi uliyomsainia. Bila hati hiyo hawezi kutuma kitu kwa jina lako. Unaweza kujitumia mwenyewe kupitia tovuti ya ACE ya CBP, lakini una kikomo cha taarifa 12 kwa mwaka. Kwa kontena la kwanza, mlipe wakala.
- Mtu mmoja huko nyumbani mwenye jukumu la kukupa majibu. Mmoja, si kundi. Kundi la watu kumi kila mmoja humtegemea mwenzake.

Unahama na vyombo vya nyumbani tu? Hata hivyo vinahitaji ISF vikienda kwa meli. Kwa vyombo vya nyumbani, asiye na SSN hutambuliwa kwa namba ya pasipoti, nchi iliyoitoa na tarehe yake ya kuzaliwa.

Hatua

1. Dai taarifa kabla hujatuma salio la malipo. Hapa ndipo nguvu yako ilipo. Muuzaji akishapokea pesa zote, simu yako inakuwa moja kati ya simu nyingi. Mimi humwambia mapema, tunapokubaliana bei: asilimia fulani sasa, salio nikishapata karatasi ya ISF iliyokamilika. Hakuna muuzaji mwenye nia njema aliyewahi kukataa.

2. Mtumie ujumbe huu. Unakili ulivyo, badilisha salamu tu:

"Habari za kazi. Kabla kontena halijafungwa naomba unitumie haya kwa maandishi, si kwa sauti:
a) Jina kamili na anwani ya aliyetengeneza kila aina ya bidhaa.
b) Nchi ambako kila bidhaa imetengenezwa.
c) Mahali kontena litakapopakiwa: jina la ghala, barabara na mji.
d) Jina na anwani ya kampuni inayopakia kontena.
e) Jina la meli, namba ya safari na tarehe ya kupakia.
f) Namba ya B/L (hati ya shehena) pamoja na herufi nne za mwanzo.
g) Mkishafunga mlango, picha ya namba ya kontena na ya sili."

Nasema "si kwa sauti" kwa sababu nimeshasikiliza ujumbe wa sauti mara saba, lori likinguruma nyuma, nikijaribu kujua kama alisema "B" au "P".

3. Jaza vipengele kumi. Chukua karatasi, andika hivi:

Muuzaji: jina na anwani ya anayekuuzia, kama ilivyo kwenye ankara.

Mnunuzi: wewe au kampuni yako.

Namba ya mwagizaji: EIN au SSN iliyosajiliwa.

Namba ya mpokeaji: mara nyingi ni ileile. Ikiwa mzigo ni wa mtu mwingine, weka yake.

Mtengenezaji au msambazaji: hapa ndipo watu hukwama, hasa wenye bidhaa za mikono. Vikapu vimesukwa na kina mama wa Kitui, kila mmoja nyumbani kwake. Utaandika anwani ya nani? Kanuni inakubali jina la aliyetengeneza au la aliyesambaza bidhaa iliyokamilika katika nchi mzigo unakotoka. Kwa hiyo kama kikundi kina jina na anwani, kiandike. Kama hakina, andika msambazaji aliyekusanya vikapu na kukuuzia. Usiandike kampuni ya usafirishaji. Hiyo haijasuka kitu.

Mahali mzigo utakapopelekwa: anwani ya kwanza mzigo utakapofikishwa baada ya kutoka forodhani, kwa mfano ghala lako.

Nchi ya asili: ni nchi bidhaa ilikotengenezwa, si ulikoinunua. Kitenge ulichonunua Kariakoo kinaweza kuwa cha China. Kanga nyingi za Mtaa wa Biashara, Mombasa, zimechapishwa India. Soma lebo kwenye bando. Ukiandika Kenya kwa kitu cha China, umetoa taarifa ya uongo kwa forodha, na kosa hilo litakufuata hadi kwenye ushuru.

Namba ya HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa: angalia hatua ya 4.

Mahali kontena lilipopakiwa: ni mahali halisi, penye barabara na mji. Sanduku la posta halitoshi, kontena halipakiwi ndani ya S.L.P.

Aliyepakia kontena: kampuni iliyopakia au iliyopanga upakiaji. Kama muuzaji amepakia mwenyewe, andika muuzaji.

Zingatia kwamba mtengenezaji, nchi ya asili na namba ya HS lazima viambatane kwa kila bidhaa. Ukiwa na vikapu, vinyago na kanga, hiyo ni mistari mitatu, kila mmoja na mtengenezaji wake na nchi yake. Usirundike vyote chini ya jina moja kwa sababu vimo kwenye kontena moja.

4. Tafuta namba ya HS. Kwa ISF tarakimu 6 za kwanza zinatosha. Tarakimu 10 zitahitajika wakati wa kuondosha mzigo. Mifano ya bidhaa zetu: vikapu vya katani 4602.19, kahawa mbichi 0901.11, kahawa iliyokaangwa 0901.21, chai nyeusi ya jumla katika vifurushi vinavyozidi kilo 3 ni 0902.40, vinyago vya mbao za kitropiki 4420.11. Mwache wakala athibitishe, maana mtindo wa utengenezaji unaweza kubadilisha namba.

Ukishajua namba utajua pia vibali vingine vinavyoambatana na bidhaa hiyo, na ISF haivifuti. Chakula, kahawa na viungo vinahitaji notisi ya awali kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, isiyopungua saa 8 kabla ya kufika kama ni kwa meli. Bidhaa nyingi za mbao, vinyago vikiwemo, zinahitaji tamko la sheria ya Lacey, sheria ya Marekani dhidi ya mbao zilizovunwa kinyume cha sheria, lenye jina la kisayansi la mti. Na mpingo, Dalbergia melanoxylon, umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017: bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena zina msamaha, lakini kontena la vinyago vya mpingo linahitaji kibali kutoka nchi unakotoka. Kibali hicho hakipatikani mzigo ukiwa tayari baharini. Palet na masanduku ya mbao nayo yawe na muhuri wa IPPC, unaoonyesha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Yasiyo na muhuri yanaweza kurudisha kontena zima.

5. Pata namba sahihi ya hati ya shehena. Hati ya shehena ndiyo ile ambayo kila mtu bandarini huiita B/L. Kompyuta ya CBP hulinganisha ISF yako na orodha ya mizigo iliyotumwa na kampuni ya meli kwa kutumia namba hii peke yake. Namba kamili huanza na herufi nne za utambulisho wa kampuni iliyotoa hati.

Sasa tega sikio. Kama umejaza kontena zima na umepewa hati moja na kampuni ya meli, tumia hiyo. Kama mzigo wako umo ndani ya kontena la watu wengi, kuna hati mbili: hati kuu kati ya kampuni ya meli na mkusanyaji mizigo, na hati ndogo yenye jina lako. Unayotakiwa kuitumia ni ile ndogo, iwapo mkusanyaji ameitangaza kwa CBP. Muulize hivi: "Hati yangu mmeituma CBP kwa herufi zipi nne na namba ipi?" Akijibu kwa kutuma hati kuu, mrudie.

6. Hesabu saa. Kontena linalotoka Mombasa au Dar kwenda Marekani kwa kawaida huhamishiwa meli nyingine njiani, kama Salalah kule Oman. Kanuni inahesabu saa 24 kabla ya kupakiwa kwenye meli itakayofika Marekani, yaani ile ya pili. Kisheria una nafasi kidogo. Nakusihi usiitumie. Tarehe za bandari ya kati hubadilika bila wewe kuambiwa, na meli inaweza kuwahi. Fanya tarehe ya kupakia Mombasa kuwa ndiyo mwisho wako.

Kisha hesabu na tofauti ya saa. Tuseme meli inapakia Mombasa Jumatano saa mbili asubuhi, na wewe uko Baltimore majira ya kiangazi, saa saba nyuma. Kwako hiyo ni saa saba usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Rudi nyuma saa 24, unafika saa saba usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ofisi ya wakala wako itakuwa imefungwa jioni ya Jumatatu. Kwa hiyo karatasi zako zinatakiwa ziwe mezani kwake Ijumaa, ili Jumatatu iwe ya kusahihisha. Na kama wikendi hiyo ni Idd, muuzaji wa Mombasa alitakiwa akujibu tangu Alhamisi.

7. Tuma, kisha dai majibu mawili. Wakala akishatuma, mfumo wa ACE hutoa jibu la kwanza: taarifa imepokelewa, pamoja na namba yake. Wengi huishia hapo, wakalala usingizi. Jibu la pili ndilo linalokuhakikishia: kwamba B/L imelingana na orodha ya kampuni ya meli. Omba picha ya majibu yote mawili na uyahifadhi.

8. Rekebisha kila kinachobadilika. Vipengele vinne, yaani mtengenezaji, mahali mzigo utakapopelekwa, nchi ya asili na namba ya HS, unaweza kuvituma kwa taarifa bora uliyo nayo wakati huo, kisha ukavisahihisha kabla ya saa 24 za mwisho za kufika. Mahali pa kupakia kontena na aliyepakia vinaruhusiwa kuja baadaye, lakini navyo si chini ya saa 24 kabla ya meli kufika bandari ya Marekani. Wapo wanaovisahau hivi viwili kabisa, kwa sababu taarifa ya kwanza ilishapokelewa. Andika kwenye kalenda.

9. Ondosha mzigo. ISF si uondoshaji. Mzigo ukifika, wakala anawasilisha tamko la kuingiza mzigo ndani ya siku 15 za kalenda. Zikipita, mzigo unahamishiwa ghala la forodha kwa gharama yako. Ushuru na muhtasari wa tamko hilo hufuata ndani ya siku 10 za kazi baada ya mzigo kuachiliwa. Mpe wakala ankara, orodha ya vifurushi na B/L wiki moja kabla ya meli kufika, na uhakikishe majina humo ni yaleyale uliyoandika kwenye ISF.

Mambo yakienda mrama

*ISF imepokelewa lakini B/L hailingani.* Kwanza subiri kidogo, huenda kampuni ya meli haijatuma orodha yake. Zikibaki siku mbili kabla ya kupakia na bado hailingani, kagua herufi nne za mwanzo, halafu kama umetumia hati kuu badala ya ndogo. Kisha angalia sifuri na herufi O. Nimeona kosa hilo zaidi ya mara moja.

*Meli imebadilishwa, au kontena limeachwa gatini hadi wiki ijayo.* Kama namba ya B/L ni ileile, ISF yako inabaki. Kama umepewa namba mpya, mwambie wakala abadilishe namba kwenye taarifa iliyopo. Asitume ya pili akaiacha ya kwanza ikining'inia.

*Safari imefutwa kabisa.* ISF nayo ifutwe.

*Meli imeelekezwa bandari nyingine ya Marekani.* Ilitokea kwa mizigo ya Baltimore daraja la Francis Scott Key lilipoanguka tarehe 26 Machi 2024. Bandari ya kushushia haimo kwenye vile vipengele kumi, kwa hiyo ISF haiharibiki. Kinachobadilika ni tamko la uondoshaji na usafiri wa kutoka bandarini. Mpigie wakala siku hiyohiyo.

*Nimegundua nimekosea nchi ya asili, na meli iko baharini.* Sahihisha leo. Wajibu wa kurekebisha upo hadi mzigo uingie mipaka ya bandari, na kosa ulilolisahihisha mwenyewe lina uzito tofauti na lile walilolikuta wao.

*Nimechelewa, mzigo umeshapakiwa.* Tuma hata hivyo, sasa hivi. Taarifa iliyochelewa ni bora mara nyingi kuliko kutotuma. Jiandae kwa zuio na ukaguzi, na weka akiba ya gharama zake. Muombe wakala aulize kila siku kama kuna zuio, ili usije ukalijua lori likiwa getini.

*Nimepokea barua ya adhabu ya dola 5,000.* Usiilipe kimyakimya wala usiitupe. Una siku 60 za kuomba ipunguzwe, na kwa kosa la kwanza mwongozo wa CBP unaruhusu ishushwe hadi kati ya dola 1,000 na 2,000. Eleza kilichotokea kwa tarehe, ambatisha ujumbe uliomtumia muuzaji, majibu yake, yale majibu mawili ya ACE, na uthibitisho wa kila marekebisho uliyofanya. Piga picha za skrini za WhatsApp zinazoonyesha tarehe na saa, na andika pembeni kama ni saa ya Mombasa au ya kwako.